Hakuna Aliyejeruhiwa

Saa kumi na moja na dakika kumi jioni, fundi wa maabara ya kemia alifika kwenye geti kuu la chuo, akauhamishia mkoba wake mkono wa kulia, akasubiri gari la taka lipite, kisha akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya beseni dogo la bluu lililokuwa kwenye meza ya mlinzi. Akapiga hatua moja mbele. Mkono ukaishia kwenye kifundo, kama kila siku, na pete yake ya ndoa ikadondoka ndani ya beseni. Mlinzi akaiokota, akaifuta kwa leso, akaiweka kwenye droo pamoja na funguo za stoo ya bustani.

"Haya, kesho, kaka."

"Kesho, ndugu yangu. Tukijaliwa."

Mwanzoni beseni halikuwepo. Wiki ya kwanza pete ilidondoka kwenye lami mara tatu, na mara ya nne ikabingirika hadi mtaroni, ikabidi mlinzi avue viatu na kukunja suruali. Ndipo alipoleta beseni kutoka nyumbani kwake, lile ambalo mkewe alikuwa akilowekea soksi. Hakuwa mtu wa maswali mengi. Kazi yake ilikuwa kuandika vinavyoingia na vinavyotoka, na kila jioni daftari lake lilisema: pete moja, imebaki.

Ili jambo la mkono lieleweke, inabidi kusema machache kuhusu Ofisi ya Mawasiliano ya chuo kile. Ilianza miaka arobaini nyuma katika chumba kilichopakana na vyoo vya wanaume, ikiwa na mpiga chapa mmoja na mashine moja ya kudurufu iliyochafua mikono kuliko karatasi. Kila mwezi ilitoa jarida la kurasa nne. Jarida la mwezi wa tatu lilitangaza kwamba chuo kimepanda miti mia mbili. Kwa kweli ilikuwa imepandwa arobaini na saba. Kesho yake asubuhi miti mia mbili ilikuwa imesimama kwenye mistari iliyonyooka, na mtunza bustani akaenda kulalamika utawala kwamba mpira wa kumwagilia haufiki. Akanunuliwa mpira mrefu. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa chochote kinachotolewa na ofisi ile, kikiwa na namba ya kumbukumbu na muhuri wa duara, huwa kweli. Siku hiyohiyo ofisi ilihamishiwa ghorofa ya kwanza, mlango wa pili kutoka kwa makamu mkuu wa chuo, ikatandikwa zulia.

Tatizo lilikuwa uzio. Ukweli wa ofisi ulikwenda mpaka kwenye uzio, ukakomea hapo. Mwaka wa tano taarifa ilisema wahitimu wote wameiva katika fani zao, na kweli waliiva. Siku ya mahafali ungemsimamisha yeyote uwanjani akakueleza mambo mpaka ukaomba kuondoka. Walipovuka geti na vyeti vyao, kila mmoja alirudia kujua kile alichokuwa anakijua tangu mwanzo, na wengine hata hicho kilipungua. Waajiri walipolalamika, chuo kilijibu kwamba hayo ni mambo ya nje. Tangu hapo ofisi ilijiepusha na makubwa, ikabaki na mambo madogo madogo: bweni lisilokatika maji, paa lisilovuja, mgomo ambao haukutokea. Leo ina watumishi sita, kompyuta saba, kamera mbili na kurasa zake mitandaoni. Muhuri ni uleule wa zamani, mpira wake umelika upande mmoja.

Muhuri ulikaa kwenye droo ya mkuu wa ofisi, na ufunguo wa droo aliuvaa shingoni pamoja na kitambulisho. Chuo kizima kilimwita Mzee Nukta. Aliwafundisha vijana wake kwamba sentensi ikishawekewa nukta, mjadala umekwisha. Aliishi kwenye nyumba za watumishi, humohumo ndani ya uzio, na alikuwa na miaka mingi hajatoka nje, kwani hakuona cha kufuata huko.

Mhariri wa jarida alikuwa dada wa yule fundi. Aliingia ofisini akiwa na miaka ishirini na mitatu, hajui hata kuandika kichwa cha habari, na Mzee Nukta ndiye aliyemkalisha chini akamfundisha, jioni baada ya jioni, bila kumfokea hata mara moja. Alimwita mwanangu. Yeye alimwita Baba. Angeambiwa amtafute mtu wa kumshikia roho yake kwa muda, angempelekea yeye, na wala asingeomba stakabadhi.

Ajali ilitokea Jumanne. Simu iliingia ofisini saa nne asubuhi: moto, stoo ya kemikali.

"Kiolezo namba nne, mwanangu," Mzee Nukta alisema akiwa mlangoni. "Chapuchapu. Waandishi wa habari wameshafika getini."

Kiolezo namba nne kilikuwepo tangu enzi za mashine ya kudurufu. Kilisema: Moto mdogo ulizuka leo katika nafasi tupu, majira ya saa nafasi tupu. Moto huo ulidhibitiwa mara moja. Hakuna aliyejeruhiwa. Chanzo kinachunguzwa. Mhariri alijaza mahali, akajaza saa, akachapa. Sentensi ya tatu haikuwa na nafasi ya kujaza. Alikuwa amekitumia kiolezo hicho mara kumi na tisa, na kila mara sentensi hiyo ilikwenda yenyewe kama mkia. Mzee Nukta aligonga muhuri saa nne na dakika ishirini.

Saa nne na nusu simu yake ya mkononi ilipigwa na wifi yake. Kaka yake alikuwa kwenye gari la wagonjwa. Vali ya mtungi wa gesi ilikuwa imefyatuka, na mkono wa kushoto haukuwepo tena. Alikuwa mtu wa shoto. Pete ilisalimika kwa kuwa mafundi wa maabara huvua pete kabla ya kugusa tindikali. Ilikutwa imetundikwa kwenye msumari, imeingia masizi kidogo tu.

Mhariri aliingia ofisini kwa mkuu wake bila kubisha hodi. "Baba, ni kaka yangu. Mkono umekatika. Na mimi nimeandika hakuna aliyejeruhiwa."

Mzee Nukta alivua miwani, akainamisha kichwa, akalia. Machozi yalikuwa ya kweli; jambo hilo ndilo lililokuja kumsumbua mhariri kuliko yote baadaye. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mwezi ujao wakaguzi wanakuja kuamua kama chuo kiendelee na shahada za sayansi. Tukitoa neno sasa, tumekwisha. Wakiondoka tu, tunatoa masahihisho. Nimekuahidi."

Ofisi ilikuwa na jalada la masahihisho. Lilikuwa la kijani, limeandikwa vizuri mgongoni, na katika miaka arobaini halikuwa limeingia karatasi hata moja.

Kaka yake alikaa hospitali wiki tatu. Siku aliyorudi kazini, alivuka geti akitazama chini, na mkono ukarudi, na kucha zake, na kovu la utotoni kwenye kidole gumba. Alisimama kidogo, akaufunga na kuufungua, kisha akaenda kuangalia stoo yake. Vali ilikuwa ileile.

Aliandika barua kuomba ibadilishwe, na athibitishiwe kwa maandishi kwamba aliumia kazini, maana bila karatasi hiyo hospitali haikuweza kumfanyia mpango wa mkono wa bandia. Kamati ya usalama ilimwita. Mwenyekiti, mama mpole mwenye baridi yabisi, alimwomba anyanyue mkono uliojeruhiwa. Akaunyanyua. Katibu akahesabu vidole, akaandika: vitano.

"Twendeni basi mpaka getini," fundi alisema. "Ni hatua mia mbili tu. Mtaona wenyewe."

Walimweleza kwa heshima zote kwamba kamati haina mamlaka nje ya uzio.

Wakaguzi walikuja, wakaondoka, wakasifu. Mhariri akamkumbusha mkuu wake ile ahadi. Mzee Nukta alisema wasubiri udahili upite. Baada ya udahili yakaja mashindano ya michezo, baada ya michezo likaja baraza la chuo, na kila safari alimpiga kalenda kwa sauti ya upole ambayo ilikuwa vigumu kuigombeza. "Namwamini," mhariri alimwambia wifi yake, aliyekuwa akimfunga mumewe vifungo vya shati. Wifi hakuinua kichwa. Alikuwa na vifungo saba vya kufunga, na vya mikononi.

Siku moja ya Jumamosi fundi alimchukua binti yake mdogo akamtembeze chuoni. Alitaka kumfunga kamba za viatu kwa mikono miwili. Akamfunga, akazifungua, akamfunga tena. Wakati wa kurudi mtoto alikuwa ameushika ule mkono wa kushoto, na walipovuka geti akabaki ameshika hewa. Hakulia. Aliuliza tu kama wanaweza kurudi ndani kidogo.

"Nauonea haya huu mkono," fundi alimwambia dada yake jioni ile. "Si wangu. Ni wa chuo. Wangu ulikatika, basi, na nataka iandikwe kwamba ulikatika. Nikiwaambia vali ni mbovu wananiuliza, kwani imemdhuru nani? Wananiuliza mimi!"

"Masahihisho yakitoka hata ndani hutakuwa nao."

"Najua."

"Hutashika kitu tena kwa huo, kaka. Hata kamba za viatu."

"Nimesema najua. Wewe andika."

Nafasi ikapatikana. Chuo kiliamua kuadhimisha miaka arobaini ya Ofisi ya Mawasiliano kwa kijitabu cha historia, na Mzee Nukta akamkabidhi mhariri kazi hiyo. Alimfuata mpaka mezani kwake. "Andika yote, mwanangu. Miti, mashine, yote. Na masahihisho yetu tuyaweke humo humo, ukurasa wa thelathini na moja. Mimi nimebakiza miezi sita nistaafu, nani atanifanya nini? Muhuri nitaugonga kwa mkono wangu."

Mhariri aliandika kwa wiki tano. Ukurasa wa thelathini na moja aliuandika mara moja tu, bila kufuta. Ulisema kwamba taarifa fulani ya tarehe fulani ilikosea. Kwamba aliyejeruhiwa ni fundi wa maabara ya kemia, aliyepoteza mkono wa kushoto. Kwamba vali ilikuwa mbovu na chuo kilikuwa kimearifiwa mara tatu. Kwamba aliyeandika taarifa ile ni yeye, na anaomba radhi. Alimsomea kaka yake, naye akamwambia asiongeze wala kupunguza neno. Kisha alimpelekea Mzee Nukta kurasa zote, naye akazipokea kwa mikono miwili.

Siku moja kabla ya sherehe, fundi hakufanya kazi nyingine maabara. Alikaa kwenye kiti kirefu akaandika kwa mkono wa kushoto majina ya wanawe, ya mkewe, ya dada yake, ya marehemu mama yao, karatasi baada ya karatasi, kwa mwandiko ule uliolalia nyuma ambao walimu walimchapia shuleni. Karatasi zilizojaa alizikunja akazitia mkobani.

Sherehe ilifanyika ukumbi mkubwa. Makamu mkuu alihutubia, watu wakapiga makofi, na Mzee Nukta akagonga muhuri kwenye nakala ya kwanza mbele ya kamera zote mbili. Vijitabu vikagawiwa, kila kiti kimoja. Mhariri alifungua ukurasa wa thelathini na moja.

Uliandikwa hivi: "Katika miaka yake arobaini, Ofisi haijawahi kuchapisha masahihisho, kwa kuwa haijawahi kukosea. Sifa hizi ni za watumishi wake, na hasa mhariri wa kijitabu hiki, ambaye ameridhika na kazi yake na hana kinyongo na mtu yeyote."

Aliusoma mara mbili. Aliona kwamba umeandikwa vizuri, sentensi hazikurefuka, nukta zimekaa mahali pake. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa. Akainuka akaenda meza kuu kumshukuru Mzee Nukta.

"Asante, Baba. Kimetoka kizuri."

"Usinishukuru," Mzee Nukta alisema, akageukia chupa yake ya soda na kusoma maandishi yake kwa muda mrefu. Ufunguo ulikuwa umerudi shingoni.

Kaka yake alikuwa amesimama safu ya nyuma, ameshika kijitabu kwa mikono miwili. Alitazama ukurasa, akautazama mkono, akamtazama dada yake. Yeye alimpungia na kutabasamu. Alimfuata mpaka huko nyuma ya ukumbi.

"Umeubadilisha?" fundi aliuliza.

"Mimi? Hapana. Lakini umekaa vizuri tu hivi, kaka." Akakishika kiganja chake cha kushoto, kilikuwa cha moto. "Na mbona mkono upo?"

Fundi alikivuta kiganja chake taratibu. Tangu mama yao afe, yeye ndiye aliyemlea huyu dada, akamfulia sare, akamfundisha kusoma kwa kumwekea kidole chini ya kila neno. Hakuna mtu aliyewahi kumuumiza kama huyu alivyomuumiza dakika ile. Waliondoka pamoja kwa sababu walikuwa wakirudi njia moja.

Getini alitangulia yeye. Pete ikadondoka. Mhariri akafuata, kijitabu kikiwa kwapani, na alipoweka mguu upande wa pili kila kitu kilimrudia kwa mpigo: ukurasa aliouandika na ukurasa uliochapwa, "asante, Baba", soda, mkono wa moto aliokuwa ameushika. Alikaa chini palepale kwenye lami.

"Amenigeuka," alisema. "Kaka, amenigeuka. Miaka kumi na tisa namwita baba. Alilia mbele yangu!"

"Kumbe si wewe."

"Kaka, wallahi si mimi."

"Basi," fundi alisema, akamwinua kwa mkono mmoja. Hasira yake yote ilikuwa imekwisha. Ilibaki ya dada yake.

Ilikuwa kubwa. Mhariri alirudi ndani mbiombio, matusi yakiwa tayari mdomoni, na hatua ya tatu akayasahau, akasimama akamuuliza mlinzi habari za watoto. Alitoka, akakumbuka, akaingia tena. Safari ya pili alimsifia mlinzi sare yake. Safari ya tatu aliamua kusimama nje na kupiga kelele, akamwita Mzee Nukta mwongo, msaliti, mzee asiye na haya, mpaka sauti ikakauka. Ofisi ilikuwa mbali, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya kipupwe. Mlinzi aliandika katika daftari: kelele, hazikuingia.

Asubuhi mhariri alikwenda kwenye gazeti. Mwandishi alimsikiliza kwa makini, akaandika kurasa tatu, akasema kazi yao inawataka wathibitishe kwanza na Ofisi ya Mawasiliano ya chuo. Alipiga simu saa tano, baada ya mhariri kwenda kazini, na aliyepokea ni mhariri mwenyewe. Alimjibu kwa ukarimu kwamba ameridhika na kazi yake na hana kinyongo na mtu yeyote. Barua ya kuacha kazi aliiandika nyumbani, akaipeleka mkobani. Ofisini aliona ni barua ya ajabu, na kwa kuwa upande wa nyuma ulikuwa safi, akaandika hapo orodha ya simu za kupiga.

Siku mbili hakwenda kabisa. Alijifungia ndani, hakula, akawa akisikia "nimekuahidi" kila akifumba macho. Siku ya tatu aliamka, akaoga, akaenda. Si kwamba alikuwa amesamehe. Ndani kulikuwa hakuumi, na mtu anachoka.

Ikawa desturi. Saa mbili kasoro dakika tano waliingia pamoja. Kaka akavaa pete, dada akatabasamu. Saa kumi na moja na dakika kumi walitoka pamoja. Mzee Nukta alistaafu kwa heshima, akaachiwa nyumba yake humohumo chuoni, na mchana mhariri alimpelekea magazeti na kumpa habari za ofisi. Alimkuta amekaa barazani akitazama miti. Alizeeka haraka. Mara moja alimuuliza, "Huna la kuniambia, mwanangu?" Naye akafikiri kweli, akasema hana.

Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, simu iliingia: moto, stoo ya kemikali. Zamu hiyo ilikuwa ya mama mmoja wa makamo aliyehamishwa kutoka maabara ya fizikia, mtu wa utani mwingi, mwenye saa kubwa ya kiume mkononi aliyorithi kwa baba yake. Mhariri ndiye aliyekuwa karibu. Alifungua kiolezo namba nne, akajaza mahali, akajaza saa, akakiacha kilichobaki kama kilivyokuwa. Mkuu mpya wa ofisi akagonga muhuri saa tatu na dakika kumi na tano.

Wiki nne baadaye, jioni, kulikuwa na foleni fupi getini. Kwenye meza ya mlinzi kulikuwa na mabeseni mawili, moja la bluu na moja jekundu. Fundi alinyoosha mkono, akapiga hatua, pete ikadondoka. Yule mama naye akanyoosha mkono, akasema saa yenyewe ilikuwa inachelewa dakika tano hata hivyo, akapiga hatua, na saa ikadondoka kwa kishindo. Mlinzi akavifuta vyote viwili kwa leso moja.

Mhariri alikuwa wa tatu. Alivuka akiwa bado anatabasamu kwa ule utani, akageuka, akayaona mabeseni. Mlinzi alikuwa ameshazoea. Alisogeza chupa yake ya chai pembeni, akampisha kwenye benchi.

"Karibu, dada, kaa hapa. La kwako sijui niliwekee chombo gani." Akafungua daftari, akatafuta kalamu. "Jikaze. Kesho saa mbili utakuwa sawa."